Nyumba ya marehemu mama na watoto wasio na makao

Poleni na msiba, ndugu. Nimekuelewa: ninyi watatu mnataka nyumba aliyoacha mama hapa Tanzania iwe makao ya yatima kwa jina lake.

Msianze na vitanda, anzeni na mirathi. Hati ikibaki na jina la marehemu, siku mmoja wenu akifariki au akibanwa na deni, wale watoto watajikuta nje na mabegi yao. Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama aihamishie nyumba bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini), warithi wote wakiridhia kwa maandishi.

Makao ya watoto yanahitaji leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Jirani akiwaletea mtoto usiku, mwiteni ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto, polisi.

Kwa maoni yangu, badala ya kuifanya makao, ipangisheni nyumba. Kodi ilipie sare, unga na matibabu ya yatima wanaolelewa na bibi au shangazi zao. Mtoto anabaki na ukoo wake, na urithi hauliwi na mishahara ya walezi. Akaunti iwe ya saini mbili. Katiba ya bodi aisome wakili kabla hamjasaini.