Maswali ya wasomaji: Mgonjwa wako nyumbani anahudumiwa vizuri?

Mama alipooza upande mmoja baada ya kiharusi. Yuko Moshi na dada tuliyemwajiri. Mimi niko Njiro, Arusha, naenda kila Jumamosi. Nikifika chumba kinang'aa. Nitajuaje siku nyingine?

Chumba husafishwa kwa dakika 20, kisikudanganye. Omba umwogeshe mama wewe mwenyewe, ukague pale ambapo mwenye haraka huruka: nyuma ya masikio, chini ya matiti, kwenye kinena, katikati ya vidole vya miguu. Fungua taratibu kiganja cha mkono uliopooza. Kikitoa harufu, na kucha zimeacha alama ndani, kina siku kadhaa hakijafunguliwa wala kuoshwa. Mulika tochi ya simu shavuni upande huohuo. Mabaki ya chakula hujificha hapo.

Kisha mlaze ubavu utazame kifandugu (mfupa wa mwisho wa mgongo), nyonga na visigino. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Tafuta weusi uliozidi, halafu gusa: pakiwa pa moto au pagumu kuliko ngozi ya jirani, kidonda cha kulala muda mrefu kimeshaanza kwa ndani. Na siku moja fika Jumatano, bila kupiga simu.

Daftari linaonyesha baba anageuzwa kila baada ya saa 2, lakini kidonda kimetoka kifanduguni. Tunadanganywa? – Pasua, Moshi

Labda. Kalamu ileile, mwandiko uleule, 2:00, 4:00, 6:00 bila dakika ya kupishana: hilo limejazwa jioni kwa mkupuo. Daftari la kweli lina 4:20, lina "amekataa uji", lina hata doa la chai.

Ila kugeuza peke yake hakutoshi. Baba akiwa amelala, pitisha mkono chini ya godoro usawa wa makalio, kiganja kikitazama juu. Kama kati ya kiganja na mwili wake hazifiki sentimita 2 na nusu za sponji, godoro limekwisha. Uliza pia anapandishwaje kitandani. Kuvutwa kwapani hukwangua ngozi ya makalio. Wawe wawili, wamnyanyue kwa shuka iliyokunjwa. Kichwa kikiinuliwa zaidi ya nyuzi 30 kwa muda mrefu, mwili huteleza polepole na ngozi huvutika vilevile. Pampasi iliyolowa humalizia kazi.

Palipobadilika rangi pasisuguliwe, hata kwa mafuta. Ringi ya mpira ya kukalia nayo muitupe, maana hubana damu pembeni. Ngozi ikishapasuka, muuguzi akione kidonda.

Bibi anakohoa kila akilishwa. Dada anasema ni baridi ya Juni. – Sakina, Arusha

Baridi ya Juni haingoji kijiko. Akikohoa katikati ya kula, au sauti ikawa kama ina maji, huenda chakula kinaelekea mapafuni. Akae wima, alishwe kwa kijiko cha chai, ameze kwanza ndipo kije kingine, na abaki wima dakika 30. Maji na chai mara nyingi humpalia mtu kuliko mtori mzito. Mpelekeni hospitali apimwe umezaji, msingoje homa.

Nifunge kamera chumbani kwa mama?

Kamera haioni kisigino, na mama atakuwa anavuliwa nguo mbele yake. Hela hiyo nunua godoro.

Dada wetu amekuwa mkali siku hizi, anamnyanyua mzee kwa nguvu. Tumwachishe? – Majengo, Moshi

Kumvuta aliyepooza kwa mkono ule dhaifu hulegeza bega, na maumivu yake hudumu. Hilo likome leo. Lakini hesabuni kwanza: saa 4 usiku, saa 6, saa 8, saa 10 alfajiri, nani anamgeuza? Kama ni yeye huyohuyo anayefua asubuhi, hamjaajiri mhudumu, mmeajiri mtu asiyelala. Tafuteni wa kumpokea usiku walau mara 3 kwa wiki, na apate siku 1 nzima ya mapumziko. Mkifanya hivyo na mkono bado ni mzito, badilisheni mtu. Ila mkikuta michubuko yenye umbo la vidole juu ya kiwiko, hapo hakuna kuhesabu zamu: aondoke siku hiyohiyo, na mzee akaguliwe hospitali.