NAS imepigwa na umeme? Tulia kwanza

Juzi usiku msomaji mmoja kaniandikia. Umeme ulikatika kwao, uliporudi NAS yake, kile kisanduku cha diski cha kuhifadhia mafaili kwenye mtandao wa nyumbani, ikagoma kuwaka. Anauliza kama anaweza kuchomeka adapta ya laptop, maana kichwa kinaingia vizuri tu. Nikamjibu hapohapo: usithubutu. Adapta nyingi za laptop zinatoa volti 19, na visanduku vingi vya diski mbili vinakula 12. Kilichopona utakiua mwenyewe.

Baada ya hapo usingizi ukanipaa, kwa sababu yalishanikuta.

Napiga picha za harusi hapa Dar. NAS yangu ilikuwa na diski mbili za terabaiti 4, na kwa tamaa ya nafasi niliziunga kwa RAID 0 nipate 8. Hapo kila faili linakatwakatwa, kipande huku, kipande kule. Diski moja ikifa, inayobaki haina hata picha moja nzima ya maana. Nilijua. Nikasema diski ya bekapu nitanunua harusi ijayo ikilipa. Wapiga picha wenzangu mnaijua hiyo harusi ijayo.

Jumapili jioni umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi kwa nguvu hadi taa ya sebuleni ikapasuka. NAS ilikuwa kwenye ekstensheni ya bei ya chapati. Harufu ya kuungua niliisikia nikiwa chumbani. Mle ndani mlikuwa na harusi kumi na moja, tatu sijazikabidhi.

Fundi wa kwanza akataka tufomati kwanza, picha atazitoa baadaye kwa programu. Nilipokataa, akasema atabandika bodi ya diski nyingine ya aina ileile. Nilikaribia kukubali. Kumbe kwenye bodi kuna chipu ndogo yenye vipimo vya diski hiyo pekee. Usipoihamisha, diski nyingi za kisasa hazisomi. Nilivyozidi kusita akanicheka mbele ya wateja: "Bro, si utapiga zingine?" Harusi inarudiwa? Mpaka leo sipiti mtaa ule.

Wa pili nilimpata Kariakoo, kijana mpole wa bodi za simu. Adapta ilikufa, bodi ya NAS ilikufa, diski moja ilizunguka, nyingine kimya. Akagusisha mita kwenye daiodi moja nyeusi, ndogo kama punje ya mchele, kando ya soketi ya umeme ya diski. Mita ikalia piii, dalili kwamba imepiga shoti. "Kaka, hii imekufa ili diski isife." Akaipuliza kwa hewa ya moto, akaing'oa kwa kibano, akawasha. Diski ikaanza kuzunguka. Nikatoka nje kidogo, sikutaka anione.

Lakini diski hiyo sasa haina kinga, kwa hiyo hapo si pa kuanza kufungua picha. Nilinakili kila diski nzima kwenye diski mpya kwa ddrescue, programu ya kunakili diski zenye matatizo, karibu usiku mzima kila moja. NAS nyingi ndani zinaendeshwa na mfumo wa Linux tu, hivyo nikazichomeka nakala kwenye kompyuta ya Linux, programu yake ya RAID, mdadm, ikaziunganisha, nikafungua kwa kusoma tu bila kuandika chochote. Harusi zote kumi na moja, kwa mikono yangu. Yule wa kwanza na asome hapa.

Sasa vijana, mnanunua lenzi ya mamilioni halafu UPS, betri inayoshika umeme ukikatika, mnaiona anasa! Nunueni UPS. Bekapu ikae nyumba nyingine. Na hata RAID 1, ambapo diski zote mbili zinabeba picha zilezile, siyo bekapu, umeme ukipiga unaweza kupiga zote mbili. Nunueni UPS, narudia.

Msomaji wangu amejibu asubuhi hii. Aliponiandikia alikuwa ameshaichomeka. Nimemwambia azitoe diski, aandike 1 na 2 juu yake kwa kalamu, asiziwashe tena, aje nazo Jumamosi twende Kariakoo.