Gole la kuku limejaa na halishuki: nimfanyie nini?

SWALI: Habari yako, daktari. Mimi ni mama wa Nyalenda hapa Kisumu, nafuga kuku wachache wa kienyeji nyuma ya nyumba. Tetea wangu mmoja amejikunyata pembeni tangu juzi, hali chochote, na gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, limevimba. Ukilibonyeza linabonyea, na mdomo unanuka uchachu. Nilimpa maji ya alovera yenye pilipili, kisha nikamfungulia kapsuli ya amoksilini iliyobaki mtoto alipougua. Hakuna nafuu. Jirani anasema nimgeuze kichwa chini nilikamue gole, atapike. Nifuate ushauri huo?

JIBU: Usimgeuze, mama. Mshike kuku wako penye mwanga, umfungue mdomo taratibu. Nyuma tu ya ulimi utaona mwanya mdogo unaofunguka na kufumba kila anapopumua. Hiyo ndiyo njia ya pumzi, na haina kifuniko kama yetu. Ukimkamua gole akiwa kichwa chini, ule uchachu unapita hapo hapo na kuingia mapafuni. Wengi hufia mikononi mwa mtu aliyetaka kuwasaidia. Kwa sababu hiyo hiyo usimmiminie maji kwa sirinji katikati ya mdomo. Dondosha tone moja moja pembeni mwa mdomo, ungoje ameze, ndipo uongeze.

Amoksilini nayo iache leo. Harufu ya uchachu na gole laini lililojaa majimaji mara nyingi ni dalili kwamba hamira, yaani kuvu wa jamii ya kandida, wameshamiri ndani ya gole. Amoksilini huua bakteria, haiui kuvu. Tena kwa kuwaondoa bakteria wazuri inawapa kuvu nafasi ya kutamba. Najua pilipili na alovera ni dawa ya kila boma kuanzia Kisumu mpaka Busia, na sitagombana na nyanya ya mtu, lakini kwa gole lililochacha haisaidii.

Kwanza tuhakikishe ni gole kweli. Leo jioni ondoa chakula chote, mwachie maji tu. Kesho alfajiri, kabla hajala kitu, mpapase chini ya shingo upande wa kulia. Kuku mzima huamka gole likiwa tupu, hulisikii kabisa. Likiwa bado limejaa na ni laini, ni hili la uchachu. Likiwa gumu, limejaa kama unga uliokandwa, basi kuna kitu kimekwama: nyasi ndefu, mabua ya sukuma wiki, uzi wa gunia, hata kipande cha nailoni. Hapo unaweza kumpa matone machache ya mafuta ya kupikia na kulisugua gole polepole kwa vidole, kichwa kikiwa juu, mara kadhaa kwa siku. Lisipolegea kwa siku mbili, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kuna magole yanayohitaji kupasuliwa na kushonwa, na hiyo si kazi ya wembe wa nyumbani.

Kwa la uchachu, mpe maji safi peke yake kwa siku moja. Usimpe uji, mkate, ugali wala glukosi, maana wanga na sukari ndivyo hasa vinavyolisha hamira. Siku ya pili mpe kidogo kiini cha yai lililochemshwa, ukisaga kwa vidole, mara tatu au nne kwa siku. Ukiona gole linashuka, ongeza. Lisiposhuka, kuna dawa ya kuvu inayoitwa nistatini, ila kipimo chake hutegemea uzito, kwa hivyo mwone daktari kabla ya kwenda agroveti.

Mambo mawili yana uzito kuliko dawa zote: joto na utulivu. Joto la mwili wa kuku ni kama nyuzi 41, na akiacha kula hawezi kulidumisha. Mtenge kwenye katoni yenye majani makavu, na usiku weka chupa ya maji moto iliyofungwa kwa leso upande mmoja, ili akiona joto limezidi ajisogeze. Jiko la makaa ndani ya chumba hapana. Mapafu ya kuku hayavumilii moshi. Mchana wa Kisumu ni hadithi nyingine, chini ya mabati atapikika, kwa hivyo mhamishie kivulini. Wahudumie wazima kwanza, mgonjwa mwisho, kisha unawe mikono.

Sasa jambo linalonitia wasiwasi. Gole kujaa mara nyingi ni dalili tu. Papasa mfupa wa kidari: ukiwa umechongoka na nyama hakuna kando, kuku huyu hakuanza kuugua juzi, ameugua majuma kadhaa, na huenda ni minyoo. Tazama upanga wa kichwani kama umepauka, fungua manyoya ya chini ya mkia utafute chawa na utitiri, na uone kama tumbo limevimba au yai limekwama. Je, huwa unamfunga mguu ili asivamie bustani ya jirani? Kuku aliyefungwa hapati changarawe, na bila changarawe firigisi haisagi chakula vizuri.

Lakini ukiona kinyesi cha kijani, shingo inapinda, anahema mdomo wazi, au wa pili na wa tatu nao wamejikunyata, acha habari ya gole. Hiyo huenda ni kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle, na kideri hakina tiba. Usimpeleke sokoni, usimchinje ukatupa manyoya na matumbo uani. Mpigie ofisa wa mifugo wa kaunti. Kinga ni chanjo ya tone la jicho kwa kuku walio wazima, ikirudiwa kila miezi mitatu au minne. Chupa moja hutosha kuku wengi na ikishafunguliwa haikai, kwa hivyo patana na majirani mchanje siku moja, na yule mwenye ushauri wa kukamua akiwemo.

Nimesahau mayai. Ile kapsuli ya mtoto haina maelekezo ya siku za kusubiri kwa kuku, na wapo watu ambao mabaki ya penisilini huwadhuru. Mayai ya tetea huyu yafukie, na usimchinje kwa mboga, mpaka daktari atakayemwona akuambie muda umepita.