Filamu za noir: tazama jina la mpiga picha kwanza, halafu tafuta nakala

Mkuu, umesema uliangalia The Big Sleep kwa sababu iko juu kwenye kila orodha, ukatoka na kichwa kizito, hujui nani kamuua nani, na picha yenyewe kama imepigwa ndani ya chungu chenye masizi. Ukauliza hizi noir, filamu za uhalifu zenye giza za Hollywood ya miaka ya 1940 na 1950, zina utamu gani hasa, na mtu aanzie wapi. Hapo una matatizo mawili: umeanza na filamu isiyo ya kuanzia, na umeangalia nakala mbovu. La pili ndilo kubwa zaidi.

La kwanza nalimaliza haraka. Kutoelewa nani alimuua yule dereva aliyetolewa majini na gari lake si kosa lako, kwa sababu filamu haisemi. Kuna matoleo mawili: la 1945, walilooneshwa wanajeshi wa Marekani, lina mazungumzo ambamo kesi inapangwa hatua kwa hatua. La 1946, ambalo ndilo lililoingia majumbani mwa sinema, yale maelezo yaliondolewa, vikaingizwa vipande vipya vya nyota wake, Humphrey Bogart na Lauren Bacall, wakitupiana maneno. Studio ilichagua mahaba ikaacha mantiki, na kibiashara ilikuwa sahihi.

Kwa hiyo usiingie kwenye noir ukiwa na njaa ya fumbo. Waliokua na Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, wamezoea kungoja kiko kiwashwe, mambo yafumbuliwe, kila mtu ajue mbaya wake. Noir inakwenda kinyume. Mara nyingi muuaji unamjua dakika ya tano, na ndiye anayekusimulia. Kinachokukalisha ni kuona mtu mwenye akili timamu akichagua, hatua baada ya hatua, kitu anachojua kitamzika.

Anza na Double Indemnity (1944) ya Billy Wilder. Wakala wa bima, Fred MacMurray, anaingia ofisini usiku akiwa na jeraha la risasi, anakaa mbele ya mashine ya kurekodi sauti na kukiri: ameua kwa ajili ya pesa na mwanamke, na hakupata pesa wala mwanamke. Baada ya hapo ni mbinu rejeshi karibu filamu nzima. Hesabu yao ni nyepesi: bima ya dola 50,000, na kifungu kinachosema kifo cha ajali kwenye treni kinalipwa mara mbili. Barbara Stanwyck ndiye mke wa marehemu mtarajiwa. Lakini mtu wa kumtazama ni Edward G. Robinson, mkaguzi wa madai, ambaye takwimu za watu wanaojiua anazo kichwani kama mtu anavyojua jedwali la kuzidisha. Pale anapomporomoshea bosi wake zile takwimu, hakuna bastola, hakuna gari linalokimbia, na bado huwezi kukaa vizuri kwenye kiti.

Mwenye jicho ataona kasoro. MacMurray ni kapera kwenye hadithi ila ana pete ya ndoa kidoleni. Na mlango wa nyumba yake unafunguka kuelekea nje kwenye ujia, jambo ambalo majengo ya ghorofa ya Los Angeles hayakuwa nalo. Lile la pete lilipita tu. La mlango ni la makusudi: bila mlango ule Stanwyck hana pa kujificha, na ukiondoa pale kujificha unaondoa moja ya sekunde kali kuliko zote kwenye aina hii ya filamu. Nampa Wilder mlango wake.

Sasa njia yangu ya kuchagua. Wengi hufuata nyota au mwongozaji. Mimi kwenye noir nafuata mpiga picha, yule anayepanga taa na kamera, na ni nadra kuangushwa. Majina matatu yanatosha kukupa kazi miezi miwili: John F. Seitz, Nicholas Musuraca na John Alton.

Ili uelewe walichokuwa wanafanya, kumbuka taa tatu za kawaida za Hollywood ya wakati ule: taa kuu inayomulika uso, taa ya kujaza inayolainisha kivuli upande wa pili, na taa ya nyuma inayomtenga mtu na ukuta. Hawa mabwana waliipunguza sana ile ya kujaza, au waliizima kabisa. Nusu ya uso inakuwa nyeusi. Seitz, kwenye ile nyumba ya Double Indemnity, alipuliza unga wa aluminiamu hewani ili mwanga unaopita kwenye mapazia ya vibao uonekane umebeba vumbi. Nyumba inaonekana imekufa kabla mtu yeyote hajafa.

Umaskini nao ulisaidia. Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliweka kikomo cha dola 5,000 za vifaa vipya vya seti kwa kila filamu, kwa sababu mbao na misumari vilihitajika vitani. Ukiwa na seti ya zamani iliyochakaa, giza ni rangi ya bure.

Musuraca alikuwa studio ya RKO. Stranger on the Third Floor (1940) ni yake, na kuna watu, nami nimo, wanaohesabu noir kuanzia hapo na si The Maltese Falcon ya 1941. (Falcon naiheshimu, ila ni vyumba na maneno matupu, mwongozaji wake John Huston alikuja kufanya bora zaidi kwenye The Asphalt Jungle ya 1950.) Yake pia ni Out of the Past (1947), na The Hitch-Hiker (1953) ya Ida Lupino, dakika 71: wanaume wawili waendao kuvua wanampa lifti muuaji ambaye jicho lake moja halifungi hata akilala, kwa hiyo hawajui kama amelala. Kipande kikubwa kinapigwa mchana jangwani, na bado ni noir. Lupino hakuwa na haja ya usiku.

Alton ndiye kipenzi changu. T-Men (1947), Raw Deal (1948), He Walked by Night (1948), The Big Combo (1955). Alitumia taa chache, akafanya haraka, na studio ndogo zilimpenda kwa hilo. He Walked by Night inamalizikia kwenye mifereji ya maji ya mvua chini ya Los Angeles, mwaka mmoja kabla The Third Man haijaingia mifereji ya Vienna. Mwisho wa The Big Combo ni ukungu, mwanga mmoja mkali na vivuli viwili vya watu, basi; zaidi ya hapo huoni kitu, na huhitaji. Tahadhari moja kuhusu hiyo: kuna mahali mtu anavuliwa kifaa chake cha kusikia kabla ya kupigwa risasi, na sauti yote ya filamu inazimika. Usianze kugonga spika. Faili lako ni zima.

Tukija kwenye nakala. Kwa sheria ya Marekani ya enzi zile, hakimiliki ya filamu ililazimika kuhuishwa mwaka wa 28, la sivyo ikawa mali ya umma. Detour, Scarlet Street, D.O.A., The Hitch-Hiker na He Walked by Night ziliangukia huko. Uzuri wake ni kwamba zinapatikana bure kihalali kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni. Ubaya ni kwamba mtu yeyote aliruhusiwa kunakili chochote alichokipata, na mara nyingi alichokipata ni mkanda wa milimita 16 wa kurushia kwenye runinga, umenakiliwa tena kwenye VHS, halafu DVD, halafu mtandaoni. Kila hatua inakula tabaka za kijivu. Zikiisha, kinachobaki ni weupe uliochomeka na weusi usio na kitu ndani. Masizi uliyoyaona ni ya namna hiyo.

Kipimo changu ni hiki: fungua Double Indemnity pale MacMurray anapoingia sebuleni mara ya kwanza. Mistari ya kivuli cha mapazia inatakiwa ihesabike, na kingo zake ziwe laini. Ikiwa imeungana kuwa doa moja, funga, tafuta nyingine. Ikiwa giza linacheza kwa miraba miraba kama vigae, tatizo ni faili kubanwa mno. Filamu ya dakika 100 iliyobanwa hadi MB 700 inabakiwa na chini kidogo ya megabiti moja kwa sekunde, na programu za kubana video huanza kuiba kwenye giza, kwa sababu hudhani hakuna anayetazama huko. Kwenye noir tunatazama huko. Bando likiruhusu, usishuke chini ya GB 2 kwa picha ya 1080p; likibana, chukua 480p iliyobanwa kidogo kuliko 1080p iliyokamuliwa.

Detour (1945) usiiangalie kwenye nakala ya ovyo. Toleo lililosafishwa mwaka 2018 ni kama filamu nyingine kabisa. Na hapo kuna kichekesho chetu. Pale jamaa anaposimamisha magari, magari yanapita kushoto na dereva kakaa kulia. Watazamaji wa Marekani wanashtuka, mtu wa Dar au Mombasa wala haoni kitu. Walipindua picha makusudi ili safari ya kwenda magharibi, New York hadi Los Angeles, iendelee kuelekea upande mmoja wa kioo.

Toleo nalo liangalie kwa dakika zake. The Third Man ya Uingereza ni dakika 104. Ya Marekani ilikatwa dakika 11. Njia ya haraka ya kuzitofautisha ni sauti ya mwanzo: ya Uingereza inasimuliwa na mwongozaji mwenyewe, Carol Reed, ya Marekani na Joseph Cotten. Ila usipige kelele kila unapoona pungufu. Nakala za runinga za Ulaya zinaendeshwa kwa fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo filamu ya dakika 107 inakuwa kama 103 bila kukatwa chochote, na sauti za watu zinapanda kidogo. Touch of Evil (1958) chukua ile ya 1998 ya dakika 111, iliyohaririwa upya na Walter Murch kwa kufuata waraka wa kurasa 58 wa mwongozaji wake, Orson Welles. Ya mwanzo imebandika majina ya waigizaji na muziki juu ya kile kipande cha kufungulia, cha dakika tatu na ushee bila kukatwa kamera. Ya 1998 unasikia mtaa wenyewe, redio, vilabu, na bomu likiwa ndani ya buti la gari muda wote. Kiss Me Deadly (1955) hakikisha ina mwisho uliorudishwa mwaka 1997, maana nakala za kabla ya hapo zinakatika kama umeme.

Zilizopakwa rangi kwa kompyuta pita mbali. Warithi wa Huston waliishtaki The Asphalt Jungle ya rangi nchini Ufaransa na mahakama ya juu ikawapa haki mwaka 1991. Kupaka rangi juu ya kivuli ni kukipa kivuli sura ambayo hakikuwahi kuwa nayo. Ukitaka noir ya rangi halali, ipo Leave Her to Heaven (1945), ilipigwa kwa Technicolor tangu mwanzo.

Runinga yako: weka hali ya Cinema au Movie, achana na ile ya dukani yenye kung'aa. Zima ulainishaji wa mwendo (LG wanaiita TruMotion, Sony Motionflow), la sivyo Bogart anatembea kama yuko kwenye tamthilia ya saa mbili usiku. Umbo la picha liwe karibu na mraba, na pande mbili nyeusi kushoto na kulia. Ukivuta ijae kioo, unanenepesha watu na kuharibu fremu. Zima taa iliyo mgongoni mwako, acha ndogo iliyo nyuma ya runinga. Kwa sauti, ni mono (mkondo mmoja tu), kwa hiyo zima madoido yote ya kuzungusha sauti, mazungumzo yatasikika. Na maandishi ya chini yanayotengenezwa na mashine usiyaamini, lugha ya wahuni wa miaka ya 1940 yanaitafsiri kama maombi ya kazi.

Nje ya Marekani nitakupa mbili tu. C.I.D. (1956), Dev Anand kama inspekta wa Bombay, mhariri wa gazeti kauawa. Imetayarishwa na Guru Dutt. Wazee wa pwani walioshinda kwenye sinema za Kihindi watakuimbia nyimbo zake kabla hujamaliza kutaja jina. Ina vichekesho na mahaba kuliko noir safi inavyoruhusu, na mimi sioni shida.

Ya pili ni Rififi (1955), ya Jules Dassin, Mmarekani aliyefungiwa kazi Hollywood kwa siasa akaenda kuipiga Paris. Kanuni za maadili za Hollywood zilikataza kuonesha wizi unavyofanywa, Ufaransa hazikuwepo. Kwa hiyo kuna karibu nusu saa ya kutoboa dari bila neno na bila muziki. Mwavuli unapitishwa kwenye tundu na kufunguliwa chini ili vifusi visianguke sakafuni. Kengele ya tahadhari inanyamazishwa kwa povu la kizimamoto. Weka simu mbali.

Ratiba, basi: Double Indemnity, The Hitch-Hiker, Detour iliyosafishwa, The Big Combo, Out of the Past, Rififi. Halafu urudi kwenye The Big Sleep, toleo la 1945 kwanza, la 1946 usiku unaofuata. Yule dereva bado hatapata muuaji.