Hiace ya drone inavuma baada ya kubadilishwa klachi? Usinunue difu kwanza

Ndugu yangu wa Mbale, umesema drone yako ilikuwa kimya kabisa, ukabadilisha klachi na senta beringi ya propela (propela ni ile shafti ndefu ya chini inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi nyuma, na senta beringi ndiyo inaishika katikati), na tangu siku hiyo ikifika 65 hivi inaanza vuuuum mpaka abiria wa nyuma wanalalamika, na sasa fundi anakwambia difu, lile boksi la gia kati ya magurudumu ya nyuma, imekwisha ulete pesa. Tafadhali usipeleke hiyo pesa bado. Mimi naendesha Hiace Busia–Kampala mwaka wa tisa sasa na hii shida yako niliipata mimi mwenyewe, ikanila wiki tano na pesa ya ada ya watoto ya muhula mzima, ndio maana naandika yote hapa hata kama ni ndefu.

Anzia hapa: hiyo difu nani aliigusa? Hakuna. Gari iliingia gereji ikiwa kimya ikatoka na kelele, basi kelele itafute kwanza kwenye vitu vilivyofunguliwa, yaani klachi, giaboksi, propela, senta beringi, na mikono ya giaboksi, ile ya mpira inayoishikilia. Difu inaweza kufa siku hiyo hiyo kwa bahati mbaya, sikatai, lakini hiyo iwe ya mwisho kufikiria sio ya kwanza.

Yangu ilikuwa hivi. Nilibadilisha klachi, fundi akaniambia mzee senta beringi mpira wake umepasuka nikamwambia weka mpya, jioni nikachukua gari. Mjini sikusikia chochote. Kesho yake nimepakia watu kumi na nne, nimeshapita Bugiri barabara imenyooka, nafika 70 naanza kusikia mvumo kama nyuki ndani ya debe, unapanda unashuka, na ile chupa ya maji nimeiweka pale karibu na gia maji yanatetemeka juu lakini usukani umetulia kabisa. Hiyo ya chupa na usukani ishike akilini nitairudia. Nikarudi kwa fundi, akazunguka nayo kidogo akasema difu. Nikaenda Kisekka, soko la spea Kampala, nikanunua difu iliyotumika, tukaifunga, mvumo ukabaki pale pale. Akasema basi beringi za magurudumu. Tukabadilisha mbili za nyuma. Mvumo upo. Akasema tairi. Banange, tairi nilikuwa nimenunua mwezi uliopita!

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Malaba ambaye maisha yake yote ametengeneza malori. Hakushika spana. Aliniuliza tu, kelele inafuata injini au inafuata mwendo? Nikakosa jibu. Wiki tano natumia pesa na hilo swali sikuwa nimejiuliza hata mara moja.

Sasa wewe jiulize, na unaweza kulijibu leo jioni bila kulipa mtu. Gari ikiwa imesimama, gia hakuna, kanyaga mafuta injini ipande. Ikivuma hapo hapo basi shida iko injini, klachi au mbele ya giaboksi, wala usiende nyuma. Halafu kanyaga klachi: kelele ikija unapokanyaga pedali ni rilizi beringi (ile inayosukuma klachi iachie), kelele ikipotea unapokanyaga ni beringi ya shafti ya mbele ya giaboksi. Gari ikiwa imesimama na iko kimya kabisa kama yangu, toka barabara tupu, usibebe abiria, fika ule mwendo inapovuma, kisha toa gia uiache iserereke huku injini inawaka (usizime injini kabisa, breki na usukani vitakuwa vigumu). Injini imeshuka chini na mvumo bado upo? Basi unafuata mwendo, na sasa umebaki na propela, difu na magurudumu.

Kutenganisha hivyo vitatu ndio penye kazi na ndipo mafundi wengi wanabahatisha. Beringi ya gurudumu ukiyumbisha gari kidogo kushoto na kulia kelele inabadilika, kwa sababu uzito unahamia upande mmoja, ukielemea upande wa beringi mbovu inalia zaidi. Difu yenyewe mara nyingi inalia kwa wimbo, ni mlio mwembamba wiiiii, na inabadilika mguu wako unapobadilika: ukikanyaga inalia hivi, ukiachia inalia vingine au inanyamaza. Propela haina wimbo. Ni mvumo mzito na mtetemo, unauhisi matakoni na miguuni kabla ya masikio, unaanza kwenye mwendo fulani na hapo hapo kila siku.

Kwa nini matakoni na sio kwenye usukani? Piga hesabu kidogo. Tairi ya 195R15 ikizunguka mara moja inakwenda kama mita 2 na kidogo. Kwa mwendo wa 70 hiyo ni kama mizunguko 9 kwa sekunde. Kama difu yako ni ya 4.1, propela inazunguka mara 4.1 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, kwahiyo ni kama mizunguko 37 kwa sekunde. Tairi mbovu inatikisa polepole, dugu dugu dugu, na ikiwa ya mbele inacheza na usukani. Kitu kinachozunguka mara 37 huwezi kukihesabu, unasikia mvumo tu. Ile chupa yangu ya maji ilikuwa inaniambia ukweli siku ya kwanza, mimi sikuelewa.

Yule mzee akaniambia tuweke mawe kwenye magurudumu, tupandishe nyuma kwenye stendi (sio jeki peke yake, nakuomba, kuna watu wamekufa chini ya jeki), injini imezimwa, akaingia chini na tochi na kipande cha chaki. Akafuta tope kwenye shafti ya nyuma, yaani kile kipande cha propela cha nyuma ya senta beringi, kwa kitambaa, akaniita, ssebo njoo uone. Kila mwisho wa shafti kuna uma wenye masikio mawili yanayoshika krosi, ule msalaba wenye vikombe vinne vya beringi. Shafti yangu ya nyuma inachomekana katikati kwa meno. Akachora mstari wa chaki kutoka sikio la mbele mpaka nyuma. Mstari ulipofika nyuma haukugonga sikio, ulipita pembeni yake kama upana wa kidole. Jino moja tu! Kijana wa fundi aliichomoa ili apate nafasi ya kutoa senta beringi, akairudisha bila alama, jino moja pembeni.

Na hilo jino moja lina maana kubwa. Krosi ikiwa imekunjwa kwa pembe haizungushi shafti kwa mwendo sawa, kila mzunguko inaiharakisha mara mbili na kuichelewesha mara mbili. Krosi ya upande wa pili kazi yake ni kufuta hilo, hii ikiharakisha ile inachelewesha, lakini zitaelewana tu kama masikio yamelala mstari mmoja. Yakipishana hazifutani tena, na huo mtikisiko unaingia kwenye senta beringi mpya uliyonunua juzi na kuanza kuila. Ndio maana usiendelee kubeba watu nayo hivyo hivyo mwezi mzima.

Tulitoa shafti, tukasogeza jino moja, tukafunga. Nilitoka Malaba jioni hiyo nikaenda mpaka 80, chupa ya maji ikatulia. Nilisimamisha gari pembeni nikakaa tu kidogo.

Sasa yako. Sijaiona kwahiyo siwezi kuapa ni jino, kuna shafti ambazo hazichomekani nyuma, zenyewe zina flenji (kile kisahani cha kuunganishia) pale kwenye senta beringi iliyofungwa kwa nati moja kubwa, na hiyo flenji pia inakaa kwenye meno, na hapo napo ukirudisha vibaya unapata shida ile ile. Sio shafti zote zimepangwa sawa kiwandani, ndio maana kabla ya kufungua lazima ipigwe alama ya rangi au patasi kila kiungo na kirudishwe kilipokuwa. Muulize fundi wako kwa upole, ulipiga alama? Akinyamaza umeshapata jibu.

Ukiwa chini angalia na haya mengine. Bano la senta beringi, bolti zake zimekaza, na vile vipande vya chuma au washa vilivyokuwa kati ya bano na bodi vimerudi? Vikipotea pembe ya shafti inabadilika na mvumo unakuja. Mpira wa senta uko katikati au umevutwa mbele? Shika shafti kwa mikono miwili uipindue kushoto kulia, krosi isicheze hata kidogo, na ukiona unga mwekundu wa kutu umezunguka kile kikombe basi ndani grisi iliisha zamani. Tazama kama kuna kile kibati kidogo cha balansi kilichochomelewa kwenye bomba la shafti, kuna mafundi wanagonga na nyundo kinaruka, kinabaki kidoa cheupe tu. Na oili ya giaboksi! Kwenye gari ambazo propela inachomekwa mkiani mwa giaboksi, ukiichomoa oili inamwagika, na wengi hawarudishi. Fungua nati ya kujazia, ingiza kidole, oili inatakiwa ifike ukingoni. Kwangu kidole kilitoka kikavu, ilikosa karibu lita nzima. Angalia ya difu pia, ikitoka na vipande vya chuma vinavyong'aa hapo ndio nitakubali tuzungumze difu.

Kama unapoanza kuondoka inagonga ko! mara moja tu halafu kimya, hiyo ni tofauti na mvumo, hapo ni krosi au meno makavu, paka grisi kwanza uone.

Mwambie fundi hutaki kugombana, unataka aishushe propela mbele yako. Kwangu kushusha na kurudisha ilichukua chini ya saa mbili. Pasua chaki uchore huo mstari mwenyewe, upige picha ya masikio ya pande zote mbili gari ikiwa imesimama, uitume hapa, na uandike pia mvumo unabaki ukitoa gia au unapotea. Nitakuwa Busia mpaka Alhamisi, naangalia simu jioni nikishashusha abiria.