Sahihi ya mzazi kwenye fomu ya sororiti

SWALI: Binti yangu anaingia chuo Agosti hii na hatatimiza miaka 18 hadi Oktoba. Anataka kujiunga na sororiti, yaani chama cha wasichana chuoni, na amenitumia fomu kwenye simu nisaini. Nikikataa, anasema atajisainia mwenyewe. Anaweza? Mama, Minneapolis

JIBU: Mama, hadi Oktoba sahihi yako ina uzito. Marekani haina sheria inayotaja umri wa kuingia sororiti. Badala ya umri, vyama hutaka mtu awe mwanafunzi aliyesajiliwa. Kikwazo cha miaka 17 ni mkataba. Majimbo mengi huhesabu utu uzima kuanzia 18 (Alabama na Nebraska 19, Mississippi 21, japo Nebraska humruhusu wa 18 kufunga mkataba), na mkataba aliousaini mtoto kwa kawaida anaweza kuukana. Ndiyo maana chama hutaka mtu mzima asimame nyuma yake. Akiandika jina lako bila ruhusa, huko ni kughushi, na anaweza kuanza chuo mbele ya kamati ya nidhamu.

Lakini kabla ya kubishana naye, soma kichwa cha fomu, maana huenda ikawa moja kati ya tatu. Ya kwanza ni ya kujiandikisha kwa wiki ya usajili. Ina ada ndogo ambayo mara nyingi hairudishwi, na haimfungi kwa chama chochote.

Ya pili huitwa MRABA, na hutumika kwenye usajili wa vyama vya National Panhellenic Conference, umoja wa sororiti. Binti huisaini papo hapo baada ya raundi ya mwisho, akiorodhesha vyama anavyovikubali. Akipewa kimojawapo kisha akakikataa, hataingia sororiti nyingine ya umoja huo chuoni hapo hadi usajili mkuu wa mwaka unaofuata. Mwenye miaka 17 huombwa na sahihi ya mzazi, na hapa ndipo mambo huharibika: mama yuko zamu ya usiku, simu imezimwa, muda unakwisha. Binti aiarifu ofisi ya Panhellenic mapema kuhusu umri wake, aulize fomu ya mzazi itakuja kwa njia gani na saa ngapi.

Ya tatu ni mkataba wa ada na nyumba. Wengi huisaini wakidhani wanatoa ruhusa tu, kumbe wanajiweka wadhamini wa deni, na binti akifika 18 udhamini hauishi. Hata waliokwisha kuwa watu wazima huombwa mdhamini kwenye nyumba. Dai majibu kwa maandishi: ada ya muhula ni kiasi gani, ada ya mwanachama mpya je, asiyelala kwenye nyumba hulipa nini, mwaka wa pili ni lazima akae humo, na akijitoa katikati ya mwaka kipi kinaendelea kudaiwa. Hilo la mwisho lisipojibiwa, usisaini.

SWALI: Kijana wangu ana miaka 19. Ameingia fratenati, chama cha wavulana chuoni, bila kuniuliza, na karo nalipa mimi. Chuo kimekataa kunieleza lolote. Baba, Houston

JIBU: Mzee wetu, chuo hakikudharau. Sheria ya FERPA ya 1974 humhamishia mwanafunzi haki ya kumbukumbu zake mara anapoingia chuo, hata awe na miaka 16. Kulipa karo peke yake hakukufungulii faili. Kijana anaweza kusaini ridhaa kwa msajili. Au, kama unamwandika kuwa tegemezi kwenye kodi, peleka nakala ya ritani yako. Hapo chuo kinaruhusiwa kukueleza, ila hakilazimiki. Kinaruhusiwa pia kukuarifu kijana wa chini ya miaka 21 akivunja kanuni za pombe au dawa za kulevya.

Kuna jambo moja lisilohitaji ridhaa yake. Sheria ya kupambana na heizingi, yaani kuwanyanyasa wanaojiunga, iliyosainiwa Desemba 2024 inavitaka vyuo vichapishe kwenye tovuti ripoti ya vyama vilivyopatikana na hatia hiyo. Tafuta jina la tawi lake, uangalie walifanya nini na wakaadhibiwaje. Mliosoma bweni Kenya mnajua mono, mgeni wa kidato cha kwanza, alivyopokewa. Huku mara nyingi silaha ni chupa. Max Gruver, miaka 18, alikufa kwa pombe mwaka 2017 katika fratenati chuoni Louisiana State University, na mwaka uliofuata Louisiana ikakaza adhabu. Mwambie kijana kwamba Texas haikubali utetezi wa “alikubali mwenyewe”: walioandaa wanashtakiwa hata kama alisema ndiyo.

Na wiki hii asaini hati ya kukupa mamlaka ya maamuzi ya matibabu, pamoja na ridhaa ya HIPAA, sheria ya faragha ya taarifa za matibabu. Bila hizo hospitali inaweza kukufungia mlango, hata kama bima unalipia wewe.

SWALI: Nina miaka 18, muhula wa kwanza. Nataka sororiti kati ya vile vyama tisa vya Wamarekani Weusi, mama hataki. Nitakwama? Msichana, Baltimore

JIBU: Binti, kwa umri hukwami. Utakwama kwa krediti na GPA, yaani wastani wa alama. Vyama hivyo tisa ni vya NPHC (National Pan-Hellenic Council), umoja ulioundwa chuo cha Howard mwaka 1930, na huangalia matokeo ya chuo, nawe bado huna. Vingi huanzia GPA ya 2.5, na chuo chako kinaweza kuongeza. Subiri tangazo rasmi la mkutano wa wanaotaka kujiunga.

Anayekuomba pesa kwa simu kabla ya barua ya chama, au anayekuita usiku “kuandaliwa”, mkimbie: NPHC ilifuta mtindo huo wa zamani wa kuandaa wanaojiunga mwaka 1990. Na ukikosa chuoni, vyama hivi vina matawi ya waliohitimu na huwapokea wapya huko.