Bakuli la mtoto na sinia la bibi

Mhariri, swali lenu la wiki hii liliuliza kama familia yenye watoto wadogo inapaswa kupanga mapema chakula cha wiki nzima. Jibu langu ni ndiyo, wala sitalirefusha: anayekwenda Soko la Majengo Jumamosi bila kujua Jumatano atapika nini hurudi na nyanya za kuozea jikoni, na watoto huishia kula wali na maharage siku nne mfululizo. Kilichonigusa ni jambo ambalo hamkuliuliza, yaani chakula hicho kikishaiva kinagawanywaje.

Msimamo wangu ni kila mtoto na bakuli lake. Niliupata kliniki, pale mstari wa uzito kwenye kadi ya binti yangu ulipolala miezi miwili. Mhudumu aliniuliza mtoto anakula kiasi gani, nami nikakosa jibu kwa kuwa alikuwa akila nasi sahani moja. Nilinunua mabakuli mawili, la kijani na la njano, na ratiba nikaibandika kwenye mlango wa kabati.

Februari mama mkwe alikuja kutoka Mvumi akiwa na unga wa uwele, karanga na majani mabichi ya mlenda. Ilikuwa Alhamisi, na ratiba ilisema wali na samaki. Aliitazama, akauliza kwa upole, "Mwanangu, karatasi hii inajua kwamba mvua imenyesha?" Nikampisha jikoni. Alizichambua karanga moja moja, kwa sababu huku kwetu hakuna anayelifanyia mzaha jambo hilo tangu sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga, ilipokuwa kwenye mahindi na kuua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, kisha akazitwanga, akaunga mlenda kwa magadi kidogo, akasonga ugali na kuupakua kwenye sinia moja, mkekani.

Mwanangu wa miaka minne alikuwa kwa miezi mingi akisukumia ukingoni mwa bakuli kila chenye rangi ya kijani. Bibi yake alikata tonge, akalibonyeza kwa dole gumba, akachota mlenda na kuzungusha kiganja, uzi ukakatika. Mtoto akaiga; uzi ukamfuata kutoka kwenye bakuli la mboga hadi kidevuni, na mara ya pili hadi kwenye kiwiko. "Usivute, mume wangu, zungusha mkono," bibi alisema huku akicheka. Alijaribu tena na tena, na alipoupata ule mzunguko alikuwa amekwisha kula mboga kuliko mwezi mzima wa Januari. Nilifurahi, ingawa nakiri kwamba kuliona bakuli langu la njano likiwa kavu kabatini kuliniuma kidogo.

Hata hivyo, wakati sisi tunacheka, mdogo wake wa mwaka mmoja na miezi minane alikuwa akiangusha matonge mkekani, na upande wake wa sinia ulikuwa umekwisha kuvamiwa na kaka yake. Saa nne usiku aliamka akilia kwa njaa, nikakoroga uji. Nilitamani kumwambia mama mkwe, "Unaona?" Lakini ni yeye aliyemshikia kikombe, akaniambia kwamba kwao mtoto wa umri huo hupakuliwa chake kwanza, kando. "Nilidhani umeshamtengea. Sinia ni la wenye mikono." Kumbe usiku wote nilikuwa nikibishana kimoyomoyo na desturi isiyokuwepo.

Sasa mkubwa anakula kwenye sinia pamoja nasi, na mdogo ana bakuli lake, lakini mkeka ni mmoja. Simshauri mwenye watoto watano waliofuatana aige hivi hivi, kwa kuwa wangu ni wawili tu na mmoja hutafuna polepole. Ama kuhusu swali lenu lenyewe, ratiba bado ipo kabatini, isipokuwa nafasi ya Alhamisi, ambayo naiacha wazi tangu Desemba hadi Aprili.